Kwenda Kawangware Kuonwa

Ninyi waandishi wenzangu wa kikao cha Jumamosi mmeniuliza swali lile lile kwa midomo tofauti: mtu anatokaje Mashimoni, hapa Kibera, asubuhi na kufika Kawangware alasiri, wakati wengine huenda na kurudi kabla chai haijapoa? Niliwajibu kwa neno moja kwenye simu, "nilifika," mkadhani nimenuna. Sikununa. Sikujua tu nianzie wapi. Sasa mguu wangu uko juu ya stuli, mvua imewanyamazisha majirani, na ninaweza kuwasimulia.

Kwanza mjue nilikuwa naenda kufanya nini. Kukhu wangu, mama mzazi wa mama yangu, alikuwa amekuja kutoka Bungoma kutolewa mtoto wa jicho. Kwa miaka mingi macho yake yalifunikwa na ukungu, hadi akabaki kunijua kwa sauti na kwa harufu ya sabuni. Alipasuliwa, akafungwa bandeji, akakaa kwa Anko Wafula kule Kawangware, karibu na kituo cha 46. Bandeji ikatolewa. Kesho yake asubuhi Anko akanipigia simu: jirani yake mwenye gari aina ya Probox anarudi Bungoma leo, kuna nafasi ya mbele, na Kukhu ataondoka naye baada ya chakula cha mchana.

"Amesema hataki kuenda kabla hajakuona," Anko akasema. "Lakini mwenye gari hangoji mtu. Akimaliza kula, anawasha."

Mara ya mwisho Kukhu kuuona uso wangu, nilikuwa sijamaliza shule ya msingi.

Nilitaka kuonwa, na niliogopa. Wengi wenu mnajua nina usonji, na kwamba kumtazama mtu machoni kwangu ni kama kushika sufuria iliyo motoni: naweza, kwa muda mfupi, na sisikii lolote analosema. Kukhu alipokuwa haoni, hakuna aliyenidai macho. Tulikaa bega kwa bega tukielekea ukuta mmoja, tukazungumza mpaka chai ikaisha. Sasa alikuwa na macho mapya, na sikujua yatanitaka nini. Hata hivyo, akiondoka bila kuniona, nisingejua ni lini tena.

Mashimoni hadi Makina

Kwa kawaida ningetembea. Huwa mnanicheka kwamba naijua Nairobi kwa soli za viatu. Lakini siku mbili kabla, nikitoka kuteka maji, niliteleza na mtungi, kifundo cha mguu kikateguka. Ningeweza kuchechemea hadi Ngong Road. Kutoka hapo hadi Kawangware, nisingeweza.

Msiniambie habari ya boda. Nimejaribu. Kwenye boda unashikilia mgongo wa mtu usiyemjua, na hakuna pa kushukia ukizidiwa.

Wala shida yangu na matatu si watu. Nawapenda watu, ndiyo maana nawaandika. Shida ni kwamba ndani ya gari lililojaa vitu vyote hunifikia kwa sauti moja: muziki, kiwiko, marashi, sarafu zinazopita mkono hadi mkono, makanga anayekusanya nauli akipiga bodi kwa kiganja. Ninyi mna mlango kichwani unaoacha baadhi ya vitu nje. Wangu haufungi. Nikikaa muda, vidole hufa ganzi, maneno huniishia, na huwa lazima nishuke popote tulipo. Nimewahi kushuka katikati ya mzunguko wa magari.

Basi nilianza kuchechemea. Mguu mbovu hugeuza mtaa unaoujua kuwa mtaa mgeni. Nilienda polepole kiasi cha kuona vitu ambavyo huwa navipita: fundi wa redio anayenusa spika kabla ya kuifungua, mama wa maji akipanga mitungi ya njano mbele na ya bluu nyuma, shati jeupe la shule limeanikwa peke yake kwenye kamba ndefu kana kwamba nguo nyingine zimeliachia heshima.

Makina nilisimama kupumzisha mguu mbele ya nyumba ya Mama Zaituni, mama wa Kinubi anayekaanga mandazi barazani. Ananijua kwa sura. Alinisogezea kiti kabla sijaomba.

"Mguu huo unaupeleka wapi, mwanangu?"

"Kawangware. Kuna mtu anataka kuniona kabla hajaondoka."

Akageuza mandazi, akanitazama kuanzia kandambili hadi nywele. "Na watu wake watakuwepo?"

"Watakuwepo. Anko, mke wa Anko, na jirani mwenye gari."

"Kuna gari," akasema taratibu, kama mtu anayeandika jambo moyoni.

Mimi hujibu maswali kama yalivyoulizwa. Ndiyo, ametoka Bungoma. Ndiyo, ananijua tangu utotoni. Hapana, hajawahi kuniona nikiwa mtu mzima. Ndiyo, nampenda sana. Tulipofika hapo akamwita bintiye alete manukato na kitana.

Chupa ilipokaribia shingo yangu nilirudi nyuma hadi nikagonga ukuta. Marashi ya namna ile hunikaa kichwani siku nzima kama kelele. Mama Zaituni akadhani ni haya.

"Usiogope, kidogo tu. Huyu bwana ana umri gani?"

"Ni nyanya yangu," nikasema. "Ana sabini na kitu."

Binti alicheka hadi akakaa chini. Mama Zaituni hakucheka. Alirudisha kizibo polepole, akanifungia mandazi manne kwenye gazeti, akanipa kitana. "Hata nyanya ana haki ya kuona mtu amechana nywele," akasema. Nikachana. Kwa hiyo niliondoka Makina nimechelewa, ila nimependeza.

Stejini

Steji ya magari ya Kawangware iko kando ya Ngong Road, ukishapita soko la Toi. Nilitia pamba masikioni, nikavaa miwani ya jua, nikakumbatia mkoba. Ndivyo ninavyovalia gari, kama wengine wanavyovalia mvua.

Kamagera, yule kijana wa steji anayeita abiria, alikuwa amevaa kofia nyekundu na sauti yake ilipita pamba bila kubisha hodi. "Kawangware, Kongo, 46! Wawili tu twende, wawili tu!"

Nikaingia. Gari lilikuwa karibu kujaa. Nikangoja liondoke, haliondoki. Bega la jirani likanigusa, redio ikapandishwa, nikashuka. Nikasimama kando ya muuza viatu nikipumua. Nikaingia tena. Mwanamume akaingia nyuma yangu na gunia la vitunguu, nikashuka tena. Mara ya tatu kamagera alinifuata hadi kwa muuza viatu.

"Sasa. We ni mpya, eh?"

"Ndiyo," nikasema, kwa sababu sikuwa nimepanda gari kwa muda mrefu.

"Nimekucheki. Shida yako unatoka mapema. Usitoke mpaka mtu aingie. Akiingia, unatoka polepole, unazunguka hapo nyuma, unaingia ingine. Na usikae kama mtu amefiwa. Kaa kama mtu ako na mahali anaenda. Tunaelewana?"

Nilitaka kulia kwa shukrani. Miaka yote hii nilidhani magari ya Nairobi hayana nafasi kwa mtu kama mimi, kumbe utaratibu upo, na mtu wa steji anakufundisha bila kukucheka. Unaingia. Ukizidiwa unatoka. Unapumzika, unaingia jingine.

Nikafanya nilivyofunzwa. Nilikaa kiti cha nyuma, kando ya mama mnene aliyekuwa akisuka kikapu cha kiondo, nyuzi zimemkaa pajani kama paka. Mtu akaingia, nikashuka polepole, nikazunguka, nikaingia gari lililofuata. Mama wa kiondo naye akaja. Wakaja pia wanaume wawili walewale, mmoja mwenye gazeti, mwingine mwenye usingizi. Kila abiria alipoingia, mmoja wetu alitoka. Niliwatazama kwa mapenzi makubwa. Sikuwahi kujua tuko wengi hivi.

Na jambo la ajabu lilitokea, ambalo bado nalifikiria. Gari lilikuwa limejaa, muziki ulikuwa juu, nami nilikuwa nimekaa. Vidole vyangu vilikuwa vyangu. Nilianza hata kuona vitu: jinsi mwenye gazeti asivyogeuza ukurasa, jinsi nyuzi za kiondo zinavyopishana, ya zambarau juu, ya udongo chini. Nikampa mama yule mandazi. Akapokea, akaniambia ni Mama Mwende, kwao Kitui, anakaa Kibera.

"Na wewe," nikamuuliza, "ulijuaje una hali hii?"

"Hali gani?"

"Ya kushindwa kukaa kwenye gari."

Alitafuna akinitazama. "Mimi? Mimi naweza kaa kwa gari hadi Krismasi. Si ndio kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kujaza." Akaona sielewi, akaweka kiondo chini. "Skiza. Ukipita uone gari haina watu, utaingia? Huwezi, utasema itakaa. Ukiona imebaki wawili, unakimbia. Sasa sisi ndio hao watu unaona. Customer akiingia, mmoja wetu anatoka. Jioni kamagera anatutoa na kitu kidogo. Wewe si ni wa kujaza?"

Nikamwambia mimi naenda Kawangware.

Mama Mwende alicheka bila sauti, mabega tu, hadi mwenye usingizi akaamka. "Maskini. Unaenda Kawangware tangu asubuhi, na umeshashuka magari ngapi?"

Hapo simu ikalia. Anko. "Kuku ameiva, tunapakua. Uko wapi?"

"Stejini."

"Ya huku?"

"Ya huku kwetu."

"Nasimiyu," akasema, "Kukhu anauliza kila mtu akipita kwa lango kama ni wewe."

Nilimweleza Mama Mwende yote kwa haraka: macho, Probox, usonji, mlango wa kichwa usiofungwa. Alisikiliza huku mikono ikirudia kusuka. Hakusema pole. Aliuliza tu, "Na hapa umekaa aje?"

Nilifikiria. Swali lilikuwa zuri. "Kwa sababu nilijua naweza kutoka."

Kofia nyekundu ya kamagera ikachungulia mlangoni. "Wewe wa miwani, toka, customer ako hapa."

Mwili wangu ulikuwa umeshaanza kusimama, kwa mazoea. Nikaukalisha.

"Mimi ndiye customer," nikasema.

"Wacha mchezo, tunachelewa."

"Naenda Kawangware 46. Nilikuwa naenda toka mwanzo. Wewe ndiye uliniambia nizunguke."

Gari zima liligeuka. Kamagera alivua kofia, akajikuna. "Sasa mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Nyuma kukazuka kicheko, na mwenye gazeti akasema, "Boss, umeajiri abiria." Uso wa kamagera ulikuwa katikati ya hasira na aibu, nami nikaona afadhali nimalize. Nikamwambia nina usonji, gari likijaa huwa nazidiwa, lakini leo lazima nifike.

"Usonji ni nini?"

"Ni kusikia vitu zote mara moja," Mama Mwende akajibu kwa niaba yangu. "Hata wewe ukipiga kelele hivyo, yeye anakusikia mara mbili."

Kamagera akafikiri, akashusha sauti mpaka ikawa ya mtu mwingine kabisa. "Basi kaa dirishani. Fungua kioo. Mama Mwende, shuka."

"Sishuki."

"Mama Mwende, na kazi?"

"Miaka yote najaza hii gari na sijawahi jua inaendanga wapi. Leo nalipa. Nataka kuona."

Gari lililoondoka

Mlango ulifungwa, na kila nilichokuwa nimejifunza asubuhi kikabaki stejini. Kukaa kwenye gari lenye mlango wazi ni jambo moja. Bamba la mlango likigonga, hewa hubadilika. Mama Mwende alikaa kati yangu na wengine, mpana kama ukuta wa udongo, akawa anauliza maswali kwa sauti ya mtoto aliyepelekwa sherehe.

"Haya majumba yote ni ya nani? Kumbe kuna shule hapa. Angalia, mbuzi amepanda gari ya mawe."

Nilikuwa naangalia. Nilimshukuru mbuzi. Lakini karibu na Dagoretti Corner magari yalisimama, jua likaingia dirishani, makanga akaongeza watu wawili wa kusimama, na redio ikawa ndoo ya misumari inayotikiswa. Vidole vikaanza kufa. Nikafumba macho, nikainamisha kichwa hadi kwenye kiti cha mbele, nikaanza kuvuma kwa koo, sauti moja ya chini, ndefu. Ndivyo ninavyofanya. Sauti yangu mwenyewe hukaa ndani kama dari.

Mzee mmoja aliyesimama akaniinamia. Kisha nikamsikia akimwambia makanga, "Kijana, punguza hiyo ngoma. Kuna mtu anaomba."

Muziki ulizimwa kabisa. Hata waliokuwa wakiongea kwenye simu walinong'ona. Nikainua kichwa.

"Siombi," nikasema. "Navuma tu."

Mama Mwende alinikanyaga mguu mzima, kwa bahati si ule mbovu. "Omba," akasema kati ya meno.

Nikainama tena, nikavuma. Kila nilipopumzika kuvuta pumzi, mzee alisema "Amina," na sauti mbili tatu zikamfuata. Hivyo ndivyo tulivyopita Naivasha Road, wengine wakiwa kanisani, mimi nikiwa chini ya dari yangu, Mama Mwende akinong'ona, "Hapa wanauza vitanda. Hapa kuna mtu anaosha karoti na miguu."

Pale kituo cha Kongo gari lilisimama, mlango ukafunguliwa. "Kuna wa hapa?" makanga akauliza, akinitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshashika mkoba na kusimama nusu. Nje kulikuwa na hewa. Ningeweza kushuka, nikakaa kwenye jiwe hadi mikono irudi. Probox isingengoja jiwe.

"Bado," nikasema, nikakaa.

Kawangware 46

Tuliposhuka, mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho. Mama Mwende alitazama huku na huku: mahindi ya kuchoma, mitumba, watu, vumbi. Akatikisa kichwa.

"Ni kama kwetu tu," akasema. "Na vile wanakimbiliaga kuja."

Hakuniacha nichechemee peke yangu. Tulipita kati ya wauza mboga za sukuma, yeye mbele akifungua njia kwa kiondo, mimi nyuma nimemshika kamba ya aproni. Kwenye lango la ploti ya Anko, Probox ilikuwa imewashwa. Mwenye gari alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele kama mtu aliyeacha kuzungumza na binadamu. Kukhu alikuwa kiti cha mbele, mkanda umefungwa, mfuko wa mahindi mapajani. Mguu wake mmoja ulikuwa nje. Mlango haukuweza kufungwa.

"Mama, ingiza mguu," Anko alikuwa akimsihi.

"Mguu umekufa ganzi. Ungoje uamke."

"Umekufa ganzi tangu saa hizo zote?"

"Ni mguu wa uzee. Wewe wako ukifika hapo utaona."

Kisha alituona. Nilimwona akiona. Kichwa chake, ambacho kwa miaka kilikuwa kikigeuza sikio kwanza, kiligeuza uso. Macho yakatua kwa Mama Mwende, yakakaa hapo, yakajaa wasiwasi.

"Nasimiyu," akasema. "Umezeeka hivi?"

Mama Mwende alisogea kando akicheka, nikabaki nimesimama peke yangu kwenye jua. "Kukhu," nikasema. "Ni huku."

Nilivua miwani. Nilitoa pamba. Nilisogea hadi mlangoni, na hapo, kwa umbali ule, niliweza kutazama kifungo cha pili cha sweta yake. Kilikuwa cha kahawia, kimeshonwa kwa uzi mweupe. Nilikitazama kwa nguvu zangu zote.

"Nasimiyu," Anko akasema, "muangalie Kukhu machoni. Amekungoja siku nzima."

Nilijaribu. Nilifika hadi kidevuni.

"Wafula, mwache," Kukhu akasema. "Aangalie penye anataka. Leo anayeangalia ni mimi."

Na akaangalia. Alinishika mkono kwanza, kama zamani, kisha akauachilia kwa sababu hakuuhitaji. Alisema pua nimeichukua kwa mama yangu na ningeweza kuchagua bora zaidi. Aliuliza kovu la kwenye nyusi lilitoka wapi, kwa nini hakuna aliyemwambia kulikuwa na kovu. Alisema nywele zimechanwa vizuri. Alisema, "Kumbe ukisikiliza unakunja mdomo hivyo. Miaka yote unanisikiliza na mdomo umekunja, na mimi sijui."

Mimi nilitazama kifungo, halafu mfuko wa mahindi, halafu ule mguu wake uliokuwa nje, na kandambili yake ya bluu. Sikushikwa na ganzi. Sikutafuta mlango.

"Sogea nyuma nikuone wote," akasema.

Nikasogea.

"Geuka upande."

Nikageuka.

"Sasa tembea kidogo. Nataka kuona unatembea aje."

Nikatembea, nikichechemea, hadi kwenye lango na kurudi, na nikiwa nimempa mgongo nikasikia mwenye Probox akizima injini.